Sanamu ya Wapiga Kafi wa Matema

Jikoni kwa mjomba wangu, huko Matema kando ya Ziwa Nyasa, kuna chungu cha Kikisi, yaani cha Wakisi, wafinyanzi wa huku, ambacho haruhusiwi mtu kukipikia. Mdomo wake una ufa, na mjomba hukifuta vumbi mwenyewe.

Alikipata hivi. Akina mama wa Ikombe walikuwa wakirudi kutoka mnada wa Lyulilo, mtumbwi ukapinduliwa na upepo jioni. Mjomba na wenzake wawili walikuwa wameshaanua nyavu. Waliposikia kelele walisukuma mtumbwi majini, mmoja ameuma tochi mdomoni, mwingine anatoa maji kwa kopo la rangi. Waliwarudisha wote. Jumamosi iliyofuata kikaletwa chungu.

Hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya usiku ule, katika ziwa ambalo kina chake mahali pengine kinapita mita 700. Mimi nataka Matema isimamishwe sanamu ya wapiga kafi kama hao, wanaookoa watu ziwani.

Huko Poole, Uingereza, kuna RNLI, chama cha uokoaji baharini kilichoanzishwa mwaka 1824. Mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea, wenye kazi zao nyingine. Nje ya makao makuu yao imesimama sanamu: mtu ndani ya mashua ameinama, anamvuta mwenzake kutoka majini. Majina ya waliokufa wakiokoa wengine yameandikwa hapo. Nilipoiona pichani nilimkumbuka mjomba moja kwa moja, mgongo umepinda vilevile.

Sisi tunajua kuenzi. Nenda Songea uone mashujaa wa Majimaji walivyosimamishwa. Na Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, watu 24 kati ya 43 walipona, na waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao. Taifa zima liliwashangilia. Wa Ziwa Nyasa wanafanya hivyohivyo bila kamera.

Kuna watakaosema maboya kwanza, sanamu baadaye. Maboya nayataka kweli, tena leo. Lakini majina yakisimama pale ufukweni, kiongozi atakayekuja kuomba kura atayasoma kabla hajapanda jukwaani, na ataulizwa maboya yako wapi.

Isiwe ya shaba kutoka mbali. Ifinyangwe na akina mama wa Kikisi, kwa udongo wao, isimame pale mitumbwi inapovutwa mchangani. Nilipomweleza mjomba aliuliza jambo moja tu: yule aliyeuma tochi, marehemu sasa, jina lake litatangulia?

Nilimwambia litatangulia.