Kikwazo cha mishiri (French beans) si ushuru

Kwamba mkulima wa Kenya sasa amefunguliwa soko la Uholanzi kwa sababu mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika 1 Julai 2024 na ushuru umeondolewa, hapo sikubaliani na mwandishi wa makala aliyedai hivyo. Mboga zetu zilikuwa zinaingia bila ushuru hata kabla ya mkataba. Kilichofanyika ni kuulinda msamaha huo usije ukaondolewa. Kinachotuangusha ni mabaki ya dawa za kuua wadudu kwenye mboga. Dawa nyingi zisizoruhusiwa kule kikomo chake ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani gramu moja tu katika tani 100 za mishiri! Mimi nalima Mwea. Msimu mmoja mnunuzi alikataa mzigo wangu wote baada ya vipimo, na kosa lilikuwa dawa iliyopeperushwa na upepo kutoka shamba la nyanya la jirani. Cheti cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, huthibitisha mzigo hauna wadudu waharibifu wala magonjwa ya mimea. Mabaki ni kipimo kingine, tena ghali kwa mwenye robo eka. Wakulima wenzangu, kuna kikundi kilichofaulu kuchangia gharama za maabara?