"Hapa" ni wapi, mwalimu?

Mwezi uliopita kijana mmoja asiyeona alikuja ofisini kwetu Kijenge, hapa Arusha, kutujaribia somo la mtandaoni tulilokuwa tumelimaliza. Linafundisha kutunza hesabu za duka dogo, na tulijivunia nalo kwelikweli: picha safi, muziki wa taratibu, mwalimu mchangamfu. Kijana akachomeka spika ya sikio moja, akawasha TalkBack, programu inayosoma skrini ya simu kwa sauti, akaanza.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Kitufe."

Vitufe vitatu, na hatukukipa jina hata kimoja. Akabahatisha cha katikati, video ikaanza. Mwalimu wetu: "Sasa mkiangalia hapa, mnatoa hii, mnaweka huku, mnapata hiki." Kijana akacheka, akanigeukia. "Kaka, hapa ni wapi?"

Sikuwa na jibu. Sauti ile niliihariri mwenyewe wiki nzima, nisigundue kitu, kwa kuwa muda wote macho yangu yalikuwa kwenye skrini.

Wenzangu wa kazi hii hupenda kusema mambo ya walemavu tutayaangalia mwishoni, bajeti ikiruhusu. Jamani, mwishoni bajeti huwa imeshakwisha! Na hata ikibaki, nani atamrudisha mwalimu arekodi upya? Kazi hii ianzie kwenye mswada. Mwalimu akisema "mauzo 85,000, toa 60,000 ya kununulia mzigo, inabaki 25,000", hajaongeza gharama yoyote, na hata anayesikiliza ndani ya daladala, simu mfukoni, anaelewa.

Kwa viziwi ndipo ninapotofautiana kidogo na wakubwa. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya mambo ya mtandaoni yafikiwe na wenye ulemavu, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka 2023, unaweka maandishi ya chini ya video iliyorekodiwa katika ngazi ya kwanza, A. Mkalimani wa lugha ya alama yuko AAA, ngazi ya juu kabisa, ambayo wengi hawaifikirii hata kuigusa. Kwetu mpangilio huo unaacha watu nyuma. Kiziwi aliyekulia kwenye Lugha ya Alama ya Tanzania hukutana na Kiswahili cha maandishi kama lugha ya pili, tena akiwa darasani. Maandishi yanayokimbia chini ya video humsaidia, ndiyo, lakini humchosha pia. Mkalimani naye tukimweka, tunambana pembeni kama stempu, kisha nembo ya mfadhili inamkata mikono. Nimeiona hiyo kwa macho yangu, na mikono ndiyo maneno yenyewe!

Kuna na ule ugonjwa wa notisi: mtu anapiga picha daftari, anazigeuza PDF, anazirusha kwenye kundi la WhatsApp. Kwa programu ya kusoma skrini, nyingi ya kurasa hizo ni tupu. Andika kwa kompyuta, basi, hata kama si maridadi. Faili la maandishi halili bando, na kisingizio cha programu ghali kimepitwa na wakati: NVDA, inayosoma skrini ya kompyuta kwa sauti, inatolewa bure, na ilianza kutengenezwa 2006.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na Tengeru pale kuna Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Kutoka Kijenge ni nauli ya daladala tu. Miaka yote hii sikuwahi kwenda kuuliza mtu yeyote kabla ya kuwasha kamera.

Somo tulilirekodi upya. Vitufe vikapata majina, "hapa" na "hiki" zikafutwa, kijana akaitwa tena. Safari hii alifika hadi kwenye maswali ya mwisho bila kuuliza kitu, akajibu la kwanza, akangoja. Simu kimya.

"Nimepata au nimekosa?"

Nikachungulia skrini yake. Jibu lilikuwa limegeuka kijani.