Kwa mawimbi, Tanga si Namibia

Kusi likianza kuvuma, vijana wa hapa Tanga hurushiana video za Wazungu waliofunga ubao wa kuteleza mawimbini ubavuni mwa pikipiki, wakakata jangwa la Namib mpaka baharini. Mwaka huu wamekuja na mpango kabisa: Pangani, Saadani, hadi Bagamoyo, kutafuta "mawimbi yetu". Nimeulizwa kama nitakwenda. Pikipiki nawasha hata leo, ila ubao siubebi.

Kule Namibia jangwa na mawimbi vinakwenda pamoja. Mkondo baridi wa Benguela unapoza hewa juu ya bahari, ukungu unapatikana lakini mvua haipatikani, na mchanga unafika mpaka kwenye maji. Pwani yenyewe inatazama magharibi, haina kisiwa cha kuikinga, hivyo dhoruba za mbali kusini huisukumia mawimbi yaliyosafiri maelfu ya kilomita bila kizuizi. Skeleton Bay, karibu na Walvis Bay, ilipata umaarufu duniani mwaka 2008. Wimbi likikaa sawa linambeba mtu zaidi ya kilomita moja akiambaa na ulimi wa mchanga. Anayepunguza upepo wa tairi akasulubika mchangani kutwa nzima, maji na petroli kabebelea, anajua anachokifuata.

Sisi je? Bagamoyo ina Unguja mbele yake. Tanga ina Pemba, halafu miamba ya matumbawe. Wimbi la bahari kuu linaishia huko nje; linalotufikia ufukweni ni la upepo, fupi, na penye midomo ya Pangani, Wami na Ruvu limejaa tope. Anayewatangazia wageni kuteleza mawimbini Bagamoyo anawauzia mbuzi kwenye gunia, na wakija mara moja hawarudi.

Jangwa nalo hatuna. Tuna udongo mweusi wa huko Saadani, ambao masika unaganda kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. (Na Saadani ni hifadhi yenye simba na tembo, kwa hiyo kaulizeni getini kuhusu pikipiki kabla ya kupanga lolote.)

Tulichojaliwa ni upepo. Kama kilomita 50 za barabara hadi Pangani, mnavuka mto kwenda Bweni, mnashika njia ya Ushongo. Pale tafuteni ngalawa. Kusi likijaa tanga, baharia anakwenda kukaa kwenye mrengu, mti unaotokeza ubavuni mwa ngalawa, kuizuia isipinduke, na hapo utajua kama una roho ya bahari au ya video. Sioni kwa nini mchezo huo tuuone wa kimaskini kwa sababu tu babu zetu waliutumia kuvulia.

Mkitaka kisiwa cha Maziwe, eneo la hifadhi ya bahari tangu 1975, pataneni bei kabla ya kupanda na mumuulize nahodha saa ya kurudi. Maji yakijaa, kile kisiwa cha mchanga huzama chote.