Lumbesa Iliyonidaka Isyonje

Tuanze na kimo, maana kesi nzima iko hapo. Mimi ni mtu wa futi tano na inchi nne, nikivaa viatu vya kanisani naongeza nusu. Ukoo mzima tuko hivyo. Kwenye harusi zetu mpiga picha huwa anachuchumaa. Kiti cha pikipiki niliyonunua, Suzuki DR650, kiko sentimita 88 na nusu kutoka chini. Namba hiyo niliijua baadaye. Siku ya kununua nilichoona ni tanki na lile taa kubwa la mbele, na jamaa aliyekuwa akiniuzia amekaa juu yake, mguu mmoja chini, anapiga stori bila shida yoyote. Sikuzingatia kwamba jamaa mwenyewe alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme.

Tena mimi si mgeni wa pikipiki. Kuanzia 1994 hadi 2001 nilikuwa bwana shamba wilayani Rungwe, na mradi ulinipa Yamaha DT 125, ile ya moshi wa bluu inayolia kama nyuki waliochokozwa. Nimeteremka nayo Kiwira kwenye mvua, nyuma nimefunga miche ya parachichi, mkono mmoja nimeshika mwavuli. Hilo la mwavuli mama watoto analikanusha. Anasema nimeanza kulisimulia baada ya kufikisha miaka arobaini.

Sasa nina 54, duka la pembejeo Uyole, kitambi cha wastani, na nyonga inayogoma mpaka jua litoke. Mbeya mwezi wa saba, jua lenyewe hutoka likiwa limejifunika.

Nyumbani nilisema pikipiki ni ya kusambazia mbolea. Mama watoto akaizunguka mara moja, mikono nyuma kama mkaguzi wa hesabu. “Baba Fulani,” akasema (jina la mtoto namwachia, yeye hahusiki), “mfuko wa kilo 50 unakaa wapi hapa?” Nikamwonyesha keria ya nyuma, ambayo ukiweka mkate wa kawaida, ncha zinaning'inia. Akaiangalia. “Wateja wako siku hizi wananunua Urea kwa kijiko?”

Sikujibu. Uzito wa chombo ni kilo 166. Kwa lugha ya dukani hilo ni gunia la mahindi, mfuko mmoja wa mbolea, na debe la mahindi juu yake. DT yangu ilikuwa gunia la mahindi tu, na miaka ile gunia la mahindi nililibeba mgongoni.

Muuzaji aliniletea mpaka dukani, akaiegesha, akaondoka na hela. Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, nikatoka na helmeti, jaketi, na kitenge cha mama watoto shingoni kwa ajili ya baridi. Ng'ambo ya barabara kuna kijiwe cha bodaboda. Nikapanda. Mguu wa kushoto ukafika chini vizuri kabisa. Nikajisemea, kumbe inanitosha! Hapo ndipo nilipojidanganya: pikipiki ilikuwa imelalia stendi ya pembeni, upande wa kushoto. Hata mbwa akilala unaweza kumruka.

Mguu wa kulia, kwa mazoea, ukatafuta kiki. Ukapiga hewa mara mbili. DR650 haina kiki, ni swichi tu. Kijiwe kikanyamaza, na bodaboda wakinyamaza ujue umekuwa sinema.

Nikabonyeza swichi. Ikawaka, du-du-du, silinda moja ya cc 644 ambayo huisikii masikioni, unaisikia kwenye mbavu. Nikabana klachi, nikakanyaga gia ya kwanza. Ikazima. Nikawasha, gia, ikazima. Mara ya nne nikafungua mfuniko wa tanki, nikachungulia ndani, nikatikisa kichwa kama daktari. Kijana mmoja wa Boxer, kavaa jaketi la kike la rangi ya waridi kwa ajili ya baridi, akavuka barabara taratibu.

“Shikamoo mzee. Stendi.”

“Marahaba. Stendi ya mabasi shuka hivyo, uliza mbele.”

“Hapana mzee. Stendi ya pikipiki. Haujaipandisha.”

Kumbe hizi za siku hizi stendi ikiwa chini ukitia gia tu injini inajizima yenyewe, usije ukaondoka nayo ikakung'oa kwenye kona. DT haikuwa na malezi hayo. Uliondoka na stendi yako, lami ikakukumbusha. Nikaipandisha kwa kisigino, pikipiki ikasimama wima, na mguu wangu ukaachana na ardhi. Lakini nilikuwa nimeshawasha tena, gia imeshaingia na klachi nimeshaiachia, kwa hiyo sikupata nafasi ya kulitafakari jambo hilo. Niliondoka kwa sababu sikuwa na namna ya kubaki.

Naomba niseme ukweli: kutoka Igawilo kwenda juu nilikuwa na miaka 27. Semi iliyokuwa ikipanda kuelekea mpaka wa Malawi, inakohoa kwa gia ya kwanza, niliipita kama imeegeshwa. Kwenye DT kuipita semi mlimani ulikuwa mpango wa dakika tano na sala. Hii unasokota mkono kidogo, semi iko kwenye kioo. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mashamba ya viazi, pua inachuruzika, vidole vimekufa ganzi, na mimi ndani ya helmeti naimba besi ya kwaya kwa sauti ambayo kanisani wangenitoa. Shida moja tu: ukiachia mafuta. DT ukiachia inateleza yenyewe mpaka unakotaka. Hii ukiachia injini inajishika ghafla, kama punda aliyekumbuka kitu nyumbani, na wewe unasogea mbele mpaka kwenye tanki. Naomba nisifafanue ilivyokuwa kwenye tanki.

Nikafika Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka. Mnapajua: kabichi zimepangwa kama mizinga, moshi wa mahindi ya kuchoma, na magunia ya viazi yamejipanga kando ya lami yakingoja malori ya Dar. Nikaona nisimame ninywe chai. Nikapunguza, gia ya pili, ya kwanza, breki. Kistaarabu kabisa. Nikashusha mguu wa kushoto.

Haukukuta kitu.

Pale ukingo wa lami unainama kuelekea mtaroni, kwa hiyo hata zile sentimita nilizokuwa nazo zilipunguzwa. Nikaunyoosha mguu mpaka kidole gumba, kama mtu anayepima maji ya mto. Hewa. Watu wakisimulia ajali husema “ghafla bin vuu”. Hii haikuwa ghafla. Nilikuwa na muda. Niliwasalimia akina mama waliokuwa pale, nakumbuka nilisema “Habari za asubuhi,” na wawili wakajibu “Nzuri baba,” huku naendelea kulala ubavu, mimi na kilo zangu 166, taratibu kama mti uliokatwa na mtu asiye na haraka.

Nikapokelewa na gunia. Halikuwa gunia la kawaida. Lilikuwa lumbesa, lile lililojazwa mpaka mdomoni kisha likajengewa kilemba cha viazi na kushonewa kamba juu. Bega langu likaingia kwenye kilemba. Kamba ikakatika, tak, tak, tak, na viazi vikaamua kwenda Uyole. Vilishuka na lami vinarukaruka, watoto nyuma yao, na ile semi niliyoipita kwa dharau ndiyo kwanza inafika, ikabidi isimame kupisha viazi. Dereva akachungulia dirishani, akaniona chali, kitenge cha maua usoni. Akapiga honi moja ndefu.

Mama mwenye mzigo hakupiga kelele. Alizima swichi ya pikipiki (mpaka leo sijui alijuaje swichi iko wapi), akaniinamia, akanivua helmeti kama mtu anayefunua sufuria.

“Mwe! Wewe si bwana shamba?”

Nikanyamaza.

“Bwana shamba wa pikipiki ya moshi. Ulikuwa mwembamba.” Akawageukia wenzake. “Ndiye huyu aliyetuambia tusifunge lumbesa!”

Ni kweli. Miaka ile nilizunguka na ubao na chaki nikihubiri kwamba lumbesa inamnyonya mkulima, gunia likizidi kilo 100 linamfaidisha mchuuzi. Bado naamini hivyo. Ila nikiwa nimelala pale nilijua pia kwamba gunia la halali lingekuwa fupi kwa kile kilemba kilichodaka bega langu, na mimi ningefikia kwenye jiwe la mtaro.

“Ungekuwa umetusikiliza,” nikasema, “viazi visingemwagika.”

“Tungekuwa tumekusikiliza, baba, tungekuwa tunakuokota.”

Hesabu ilikuwa fupi. Kiazi kilichochubuka mchuuzi wa Dar hachukui, kwa hiyo gunia zima langu, elfu themanini, pamoja na vile vilivyokamatwa na watoto mpaka kwenye kona, ambavyo vililetwa kwenye sweta. Nikalipa. Mkono wa klachi ulikuwa umepinda kama mundu, indiketa ya kushoto inaning'inia kwa waya. Vijana watatu wakaiinua pikipiki. Nilitaka kupanda, mama akasema, “Hapana, tata, yanatosha magunia ya leo.” Akaniletea kikombe cha chai. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, naye akacheka mpaka akakaa juu ya gunia lingine.

Hivyo nilirudi Uyole kwenye kirikuu, nyuma, nimekaa juu ya viazi vyangu, huku kijana wa Isyonje akiiendesha pikipiki yangu mbele. Kila aliposimama kusubiri kirikuu aliweka mguu chini na goti alikuwa amelikunja. Amelikunja! Tulipopita kijiweni, yule wa jaketi la waridi alisimama.

“Shikamoo mzee. Kumbe ni kweli, inabeba mzigo.”

Mama watoto hakuuliza kitu. Alihesabu viazi kwa macho, akachukua futikamba yake ya kushonea, akanisimamisha ukutani na kunipima kutoka chini hadi kwenye nyonga. Sentimita 73. Akaandika namba hiyo kwenye daftari la madeni, ukurasa wa jina langu. Kisha tukala viazi: vya kuchemsha, vya nazi, chipsi, chapati za viazi. Mpaka wiki ya tano mtoto aliomba ugali kwa machozi.

Fundi wa Mwanjelwa aliponyoosha mkono wa klachi aliniita nichungulie chini ya shokapu ya nyuma. Kuna tundu la pili la bolti, la kiwandani kabisa. Ukihamishia hapo na kushusha za mbele, kiti kinateremka sentimita nne. Tundu lilikuwepo tangu siku ya kwanza, limejaa tope. Kati ya kiti na nyonga yangu zikabaki kama sentimita kumi na moja na nusu. Fundi viatu akanipigia soli za tairi mbili mbili kwenye buti. Mama watoto akauliza kama raizoni zimerudi.

Jumamosi iliyopita nilipanda tena Isyonje. Safari hii nilichagua pa kusimama mapema, upande ulioinuka, buti likagusa. Nikatua kabisa, nikashusha stendi, nikavua helmeti, nikageuka nimsalimie yule mama. Alikuwa ameinama, kanipa mgongo, anavuta gunia lake la mwisho kulipeleka ng'ambo ya barabara.