pH ya chupa si pH ya tone

Rekodi za maumbo ya protini kwenye PDB, hifadhi ya kimataifa ya maumbo hayo, zina nafasi ya kuandika pH, yaani kipimo cha tindikali. Mara nyingi namba inayojazwa hapo ni ya bafa (myeyusho unaozuia pH isiyumbe) ilivyokuwa chupani, kabla ya kuchanganywa na chochote. Naona tumelivumilia jambo hili mno.

Umbo hupatikana kwa kupiga eksirei fuwele ya protini. Tone la kukuzia fuwele hiyo linaweza kuwa mikrolita 1 ya protini na 1 ya myeyusho wa kisima, yaani ule uliomo kwenye kishimo cha sahani kando ya tone. Protini huja na bafa yake. Amonia salfati ya molari 2, chumvi ya kukuzia fuwele, ina utindikali wake, na bafa ya molari 0.1 inaweza kuzidiwa. Tris, mojawapo ya bafa hizo, nayo hubadilika na baridi: iliyopimwa 8.0 kwenye nyuzi 25 hufika karibu 8.6 ukiweka sahani kwenye nyuzi 4.

Kwa nini nalishikia bango? Eksirei hutawanywa na elektroni, na hidrojeni inayo moja tu. Kwenye data yenye uwezo wa kutenganisha vitu hadi angstromu 2 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) huioni. Nani kabeba protoni (hidrojeni isiyo na elektroni) na nani hana, tunakisia, na pH ndiyo shahidi wetu mkubwa. Histidini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, hupokea protoni ya pili karibu na pH 6. Nitrojeni zake zote mbili zikiwa angstromu 2.8 hivi kutoka oksijeni za aspatati au glutamati (asidi amino zenye chaji hasi, ambazo kwa kawaida hupokea tu vifungo vya hidrojeni), yaelekea ina chaji chanya. Jirani akiwa maji, hapo hakuna ushahidi, maana maji hutoa na kupokea vifungo hivyo.

Wakati mwingine linalobadilika ni umbo zima. Hemaglutinini, protini ya juu ya virusi vya mafua, ilichorwa mwaka 1981 katika hali yake ya kabla ya tindikali. Mwaka 1994 kikachorwa kipande chake kilichokwisha kuguswa na tindikali: sehemu inayochoma utando wa seli ilikuwa imehama angstromu 100 au zaidi. Protini ni ileile.

Kupima si kazi kubwa. Changanya mikrolita 100 za bafa ya protini, bila protini, na 100 za myeyusho wa kisima, uziache kwenye joto lilelile la sahani, kisha tumbukiza elektrodi nyembamba iliyosawazishwa kwenye joto hilo. Andika namba zote mbili, ya chupa na ya mchanganyiko. Na ukitaka kuihamisha fuwele kutoka pH 4.5 hadi 7 ili dawa ishike, nenda kwa hatua za 0.5 huku ukiitazama kwenye hadubini; ikianza kupasuka, rudi hatua moja.