Asilimia 3.6 ya nani? Kupima nafasi ya mwanafunzi kwenye vyuo vikuu vigumu vya Marekani

Harvard ilipokea maombi 54,008 ya wanafunzi wa kuanza masomo mwaka 2024, ikawakubali 1,937. Ni asilimia 3.6, na mwanafunzi wa sekondari huisoma namba hiyo kana kwamba ndiyo nafasi yake yeye. Mwenye alama za juu hujiona yuko juu ya wastani huo. Mwenye alama za kawaida hukata tamaa. Wote wawili wanasoma wastani wa makundi yasiyofanana hata kidogo.

Kesi ya ubaguzi wa rangi dhidi ya chuo hicho, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, ilifichua takwimu ambazo kwa kawaida hazitoki nje ya ofisi za udahili. Kwa walioomba kuanza mwaka 2015, waombaji wa ndani ya nchi walikuwa kama 26,000. Zaidi ya 8,000 kati yao walikuwa na wastani kamili wa alama za darasani, na takriban 2,700 walipata alama zote katika sehemu ya lugha ya SAT, mtihani wa pamoja wa kuombea vyuo vya Marekani. Nafasi zenyewe zilikuwa kama 1,600. Katika miaka iliyochunguzwa, wanamichezo waliosajiliwa na makocha walikubaliwa kwa asilimia 86 hivi, na watoto wa waliowahi kusoma hapo kwa karibu theluthi moja. Ukiwatoa hao, aliyebaki bila kocha wala mzazi mhitimu anashindana kwa kiwango kilicho chini ya kile kinachotangazwa.

Kutokana na hali hii, kuna wanaosema udahili ni bahati nasibu. Wengine wanajibu kwamba alama bado zina uzito, na wana ushahidi. MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, iliurudisha mtihani wa SAT au mwenzake ACT kama sharti mwaka 2022, kwa hoja kwamba bila kipimo cha hisabati ni vigumu kujua nani atamudu masomo ya mwaka wa kwanza. Dartmouth, Brown na Harvard wakafuata mwaka 2024. Kwa maoni yetu pande zote mbili zina haki, ila zinazungumzia hatua tofauti. Alama dhaifu humtoa mtu mapema. Alama nzuri humbakiza tu, na kuanzia hapo tofauti ya 1530 na 1570, kati ya alama 1600 za SAT, karibu haina maana.

Anayetaka makadirio ya kweli aache orodha za magazeti, afungue Common Data Set, jedwali ambalo vyuo vingi huchapisha kila mwaka. Sehemu C7 inaonyesha chuo kinathamini nini zaidi, kikiwemo kipengele cha kama mwombaji ameonyesha hamu na chuo hicho. C9 inatoa mipaka miwili ya alama za SAT: robo ya walioingia wako chini ya mpaka wa kwanza, na robo wako juu ya wa pili. Hapa wengi huteleza: pale ambapo mtihani ni hiari, alama hizo ni za waliozituma tu. Kama ni nusu ya darasa waliotuma, ni wazi wenye alama ndogo walikaa kimya, na kiwango unachokiona kimevimba. Tena, kuwa ndani ya kiwango hicho hakumpi mwombaji asiye na sifa nyingine nafasi sawa na mwanamichezo mwenye alama zilezile.

C21 inahusu maombi ya mapema ya kujifunga (ukikubaliwa, umeahidi kwenda), yaitwayo Early Decision, ambayo tarehe yake ya mwisho kwa kawaida ni Novemba 1. Brown iliwakubali kama asilimia 14 ya walioomba hivyo kuanza 2024, na chini ya 4 katika awamu ya kawaida. Pengo linavutia, lakini kundi la mapema limejaa wanamichezo na wenye uhusiano na chuo, kwa hiyo nafuu halisi kwa mtu wa kawaida ni ndogo kuliko inavyoonekana. Ipo, hata hivyo, kwa sababu chuo kinapenda mwenye uhakika wa kuja. Bei yake ni kwamba familia haipati fursa ya kulinganisha misaada ya fedha ya vyuo viwili, ingawa msaada usipotosha inaweza kuomba kuachiliwa.

Kwa mwombaji wa kigeni, fedha huwa na uzito kuliko insha. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin hawaangalii uwezo wake wa kulipa wanapoamua. Vyuo vingi vingine huangalia, na kuomba msaada hupunguza nafasi. Kuficha uhitaji ili uingie kwanza ni mtego: vingi havimruhusu mwanafunzi wa kigeni ambaye hakuomba msaada mwanzoni kuuomba baadaye.

Kuna pia hesabu ya kutuma maombi mengi. Vyuo 20, ambacho ndicho kikomo cha Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuomba vyuo vingi, kila kimoja kikiwa na nafasi ya asilimia 5, kwa karatasi vinatoa asilimia 64 ya kupata angalau kimoja. Hesabu hiyo inadai kila uamuzi ujitegemee, na haujitegemei: barua za walimu ni zilezile, alama zilezile, insha kuu ileile ya maneno 650. Udhaifu wa faili moja unasafiri kwenda kote. Wanaotetea wingi wana hoja moja nzuri, kwamba mahitaji ya vyuo hutofautiana. Mwaka huu chuo hiki kinatafuta mpiga zumari, kile kinatafuta wanafunzi wa falsafa. Lakini kila chuo cha ziada kinadai insha zake fupi, na ya kumi na tano kwa kawaida husomeka kama imenakiliwa.

Mahali pa kuongeza nafasi ni padogo na pa kuchosha. Fomu ya Common App ina nafasi kumi za shughuli za nje ya darasa, kila maelezo yasizidi herufi 150 pamoja na mapengo. "Mwanachama hai wa klabu ya hisabati, nilisaidia wenzangu" inapoteza nafasi. "Nilifundisha hisabati Jumamosi kwa wanafunzi 14 wa darasa la saba, niliandika mazoezi yao mwenyewe" inampa msomaji kitu cha kukisemea kwenye kamati.

Asilimia inakuwa na maana kamili kwenye vyuo vya umma vyenye kanuni. Kwa sheria ya Texas ya 1997, mkazi wa jimbo hilo aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lake anakubaliwa moja kwa moja. University of Texas ya Austin imewekewa kiwango kigumu zaidi, asilimia 5 kwa wanaoanza 2026. Hapo hakuna kubahatisha, ila dhamana inahusu chuo, si kozi. Anayelenga uhandisi au kompyuta bado anashindana upya, na anapaswa kuandika chaguo lake la pili kwa uangalifu uleule.