Nyota au jina kamili: klasi za Java ziingizwe vipi?

Chukua programu ya kuhesabu robota za mkonge kwenye ghala mjini Tanga. Klasi (kipande cha msimbo) iitwayo Robota iko kwenye pakeji (kundi la klasi) tanga.mkonge, Ankara iko tanga.mkonge.mauzo. Ankara ikiihitaji Robota, utaandika import tanga.mkonge.Robota, au import tanga.mkonge.*; nyota hiyo ikimaanisha klasi zote za pakeji hiyo.

Hoja moja itupwe mapema: eti nyota inaifanya programu nzito. Si kweli. Kutafuta jina ni kazi ya kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, na faili la .class inalolitoa hubaki na majina kamili ya klasi zilizotumika tu.

Nguvu ya nyota ni ufupi. Anayejifunza kwa Notepad anapumzika kuandika mistari kumi na tano. IntelliJ IDEA nayo, programu ya kuandikia msimbo, usipobadili mipangilio, huweka nyota yenyewe ukifikisha klasi tano za pakeji moja. Tena orodha ndefu huleta migongano kwenye Git (mfumo wa kutunza na kuunganisha mabadiliko ya msimbo) watu wawili wakiongeza mistari mahali pamoja.

Ila nyota hukugeuka baadaye, nawe hujagusa kitu. Tuseme tanga.mkonge ina klasi ya kumbukumbu za mizani uliyoiita Record, na Ankara inaichukua kwa nyota. Kwenye Java 11 inapita. Java 16 ikaleta java.lang.Record, na java.lang huingia yenyewe kwenye kila faili. Ukihamia 17, kompaila inagoma: reference to Record is ambiguous. Dawa ni mstari mmoja, import tanga.mkonge.Record, kwa kuwa jina lililotajwa hulishinda la nyota. Mwaka 1998 yalitokea hayohayo, java.util.List ilipokuja kugongana na java.awt.List. Ukizihitaji zote mbili katika faili moja, mojawapo iandikwe kwa jina kamili kila inapotumika.

Mengine nyota inasingiziwa. import tanga.mkonge.* haifiki mauzo, maana kwa Java hizo ni pakeji mbili zisizohusiana, hata kama folda moja imo ndani ya nyingine. Robota isipokuwa public, mtindo wowote utakataliwa; konstrakta yake, yaani sehemu inayoiunda, nayo iwe public. Na wengi huendesha kompaila wakiwa folda isiyo yake. Simama kwenye folda iliyobeba folda ya tanga, kisha:

javac -d nje tanga/mkonge/*.java tanga/mkonge/mauzo/*.java
java -cp nje tanga.mkonge.mauzo.Ankara

Ukiwa ndani ya mauzo ukaandika javac Ankara.java, jibu ni package tanga.mkonge does not exist, hata kama faili unaliona kwa macho.

Kwa faili la mazoezi, nyota haina neno. Kwa mfumo ambao ghala litautegemea miaka, klasi zitajwe moja moja, na hiyo migongano ya Git ivumiliwe. Inaonekana siku ileile na kutatuliwa siku ileile. Java 25 imeongeza import module java.base, inayoleta pakeji zote ambazo moduli hiyo (mkusanyiko wa pakeji) imeziweka wazi. Hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote: nyota huishinda, na jina lililotajwa huzishinda zote mbili.